Nightbot kwenye chaneli ya Kizanzibari: moduli za kuzima na amri za kubakisha

Assalaam alaikum, watazamaji wetu wa Unguja, Pemba na kwengineko. Leo tunaichambua Nightbot, roboti ya gumzo ambayo chaneli nyingi huitumia kusimamia jumbe zinazomiminika pembeni ya matangazo ya mubashara. Hukumu yangu naitanguliza kwa ajili ya asiyekuwa na nafasi ya kutazama hadi mwisho: ni chombo kizuri na hakilipiwi, lakini kwa chaneli za kwetu faida yake huanza pale unapozima sehemu kubwa ya vilivyomo na kuvipanga upya kwa Kiswahili vichujio vyake, yaani vile vinavyokamata jumbe zisizotakiwa. Anayeiwasha na kuiacha kama ilivyo atakuwa ameajiri bawabu anayewazuia waalikwa mlangoni huku matapeli wakiingia kwa nafasi.

Nightbot imetengenezwa na NightDev na inafanya kazi na YouTube pamoja na Twitch, jukwaa jengine la matangazo ya mubashara. Haisakinishwi kwenye kompyuta yako, bali hukaa kwenye seva za wenyewe, nawe unaiongoza kupitia kivinjari, hata cha simu. Ziko roboti za namna nyengine, kwa mfano Streamlabs Chatbot, ambazo husakinishwa kwenye kompyuta ya Windows na hunyamaza pale kompyuta hiyo inapozimika. Sisi tulioishi Unguja katika giza la miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatuhitaji kuelezwa kwa nini tofauti hiyo ina uzito. Umeme ukikatika katikati ya kasida, mrushaji anaweza kuendelea kwa simu na bando lake, na roboti iliyoko kwenye seva itaendelea kujibu amri, yaani maneno mafupi kama !ratiba ambayo mtazamaji akiyaandika roboti humjibu, kama kwamba hakuna lililotokea.

Ukishaingia kwa akaunti yako na kuibonyeza ijiunge na chaneli, bado haina mamlaka yoyote mpaka uipe usimamizi. Kwenye Twitch unaandika /mod nightbot ndani ya gumzo, na kwenye YouTube unaingia katika mipangilio ya jumuiya ndani ya Studio na kuiongeza katika orodha ya wasimamizi. Hatua hii ikirukwa, roboti haitaweza kufuta ujumbe wa mtu, na mrushaji atadhani kwamba vichujio vimeharibika.

Sasa tuitazame dashibodi yenyewe, yaani ukurasa wa kuiongozea roboti. Upande wa kushoto mnaziona moduli: amri, matangazo ya muda, kinga dhidi ya jumbe chafu, maombi ya nyimbo, bahati nasibu ya zawadi, na orodha ya watazamaji wa kudumu. Kila moja ina mipangilio yake na inaweza kutumika bila ya nyengine, na huu ndio muundo ninaoupenda, kwa sababu unakuruhusu kuanza na kidogo.

Ya kuzima kwanza kabisa ni maombi ya nyimbo. Moduli hii humruhusu mtazamaji kuomba wimbo kutoka YouTube au SoundCloud nao ukapigwa wakati unarusha. Kijana anayecheza michezo ya kompyuta huenda akaifurahia, ingawa hata yeye aelewe kwamba wimbo wa msanii ukisikika ndani ya matangazo yake, mfumo wa hakimiliki wa YouTube unaweza kuudai. Kwenye chaneli inayorusha darsa, maulidi au mazungumzo ya Kombe la Mapinduzi, sioni kazi yake hata moja. Bahati nasibu nayo ibaki imezimwa mpaka siku unayotoa zawadi ya kweli.

Kwenye amri, Nightbot imezigawa sehemu mbili: zilizokuja nayo na zile unazotunga mwenyewe. Zilizokuja nayo unaweza kuzima moja moja, na kwa zile unazoziacha unaweza kupanga nani aruhusiwe kuzitumia, kuanzia kila mtu, kupanda kwa watazamaji wa kudumu, wasimamizi, hadi mwenye chaneli peke yake. Amri ya !poll, kwa mfano, inafaa kubaki mikononi mwa wasimamizi, kwani gumzo ambalo kila mtu anaweza kulianzishia kura halitaongozeka.

Amri ya kutunga mwenyewe inaweza kuongezwa kwenye dashibodi au moja kwa moja ndani ya gumzo. Msimamizi anaandika !commands add, kisha jina la amri, kisha jibu lake. Kubadilisha ni !commands edit na kufuta ni !commands delete. Urahisi huu unaokoa sana wakati wa matangazo, kwani mgeni akichelewa msimamizi aliyeko Wete anaweza kuibadilisha ratiba bila ya kumsumbua mrushaji aliyeko Michenzani. Ubaya wake ni kwamba kila unayempa usimamizi unampa pia kalamu ya chaneli, na anachokiandika kitatoka kwa jina la roboti. Kwa hivyo wasimamizi wawe wachache, tena watu unaowajua kwa sura.

Nashauri chaneli ya kawaida ibaki na amri chache: !ratiba, !sheria, !mada, !mgeni na !saa. Kila amri ipewe muda wa kupumzika kabla haijaitwa tena. Mimi naona sekunde 30 zinatosha, kwa sababu bila ya hapo watu watatu wakiita !ratiba kwa pamoja, gumzo zima litajaa jibu lile lile. Na majibu yawe mafupi, maana ujumbe wa gumzo la YouTube hauzidi herufi 200. Ratiba ya wiki nzima ya Ramadhani haiingii humo, bali igawe kwa siku.

Ipo pia nafasi ya kuipa amri moja jina la pili, nayo naisifu kwa dhati. Watazamaji wetu hawaandiki namna moja: mmoja ataita !futari, mwengine !iftari. Unatunga jibu moja, kisha jina la pili linaelekezwa huko huko, nawe hubaki na majibu mawili ambayo siku moja utalisahihisha moja na kulisahau jengine.

Amri ya !saa inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa roboti haikutengenezwa kwa ajili yetu. Nightbot ina vigezo vinavyojijaza vyenyewe: $(user) huweka jina la aliyeita amri, $(count) huhesabu mara ambazo amri imeitwa, na $(time) huweka saa ya ukanda uliouchagua. Ukichagua Africa/Dar_es_Salaam, jioni itakuandikia 7:15, nayo ni sahihi kwa Mzungu lakini inamchanganya bibi aliyeko Makunduchi ambaye kwake huo ni wakati wa saa moja na robo. Dawa yake ni ndogo. Saa zetu zinapishana na saa za Kizungu kwa saa sita, na mji wa Tokyo uko mbele yetu kwa saa sita kamili mwaka mzima, kwa kuwa Japani haibadilishi saa kwa misimu. Andika jibu la amri hivi: Hivi sasa Zanzibar ni saa $(time Asia/Tokyo "h:mm"). Jioni ile ile itakuandikia 1:15. Usiongeze alama ya asubuhi au jioni, maana hiyo itakuwa ya Tokyo na itakuharibia hesabu.

Nightbot pia haikulazimishi kuanza jina la amri kwa alama ya mshangao. Unaweza kuifanya neno lolote, na ujumbe unaoanza kwa neno hilo ukaiamsha. Nimeona chaneli zilizoitumia nafasi hii kuipa roboti kazi ya kujibu salamu, kila anayeandika Assalaam alaikum akapokea jibu kabla hajaondoa kidole. Mimi silipendi jambo hili. Salamu ya mtu ijibiwe na mtu, hata kama ni msimamizi anayezijibu kumi kwa pamoja.

Sehemu yenye kazi kubwa zaidi ni vichujio. Kipo cha viungo, yaani anwani za tovuti, cha herufi kubwa, cha emoji, cha alama, cha kurudiarudia, na cha maneno uliyoyapiga marufuku. Kila kichujio kina swichi yake, muda wa adhabu unaouandika kwa sekunde, na ngazi ya watu wasioguswa nacho. Kichujio cha viungo kiwashwe kuanzia siku ya kwanza, kwa kuwa viungo vya kamari ndivyo vinavyoanza kuingia chaneli inapokua. Tovuti yako mwenyewe iandike katika orodha ya zinazoruhusiwa, na mtazamaji mwenye kiungo cha maana msimamizi anaweza kumpa ruhusa kwa !permit na jina lake.

Kichujio cha herufi kubwa na kile cha kurudiarudia, kwa upande mwengine, vinakosea kwetu. Katika maulidi watu huandika MASHAALLAH kwa herufi kubwa zote, na dua ikisomwa hufuata AMIN AMIN AMIN pamoja na mistari ya emoji za mikono iliyoinuliwa. Roboti inaona fujo hapo, nayo humfungia kwa dakika kadhaa mzee aliyekuwa akiitikia dua. Nawashauri mvizime vyote viwili pamoja na kile cha emoji katika matangazo ya dini, na mviwashe katika mazungumzo ya mpira, ambako herufi kubwa huwa ni ugomvi.

Orodha ya maneno marufuku ndiyo inayotaka fikra. Wale wanaojitangaza kuwa waganga wa utajiri na wale wanaodai kuandikisha watu Freemason hawatumii viungo, bali huacha nambari za simu na maneno, kwa hivyo kichujio cha viungo hakiwakamati. Nightbot hukuruhusu kuweka nyota kabla au baada ya neno ili ikamate kila umbo lake, na kwa lugha yetu yenye viambishi nyota hiyo haikwepeki: ukiandika mganga peke yake, waganga watapita. Lakini ukiiweka kwa pupa itakata kulia na kushoto. Andika *ganga* na utafuta kila salamu inayotumwa kwa Bwana Maganga. Fupisha ikawa *gang* na atakayeandika tugange yajayo naye atafungiwa. Njia iliyo salama ni kuandika maumbo kamili moja baada ya jengine, mganga, waganga, uganga, na kuihifadhi nyota kwa maneno ambayo hayana ndugu wema. Matusi nayo yaandikwe kwa tahajia zake zote, zikiwemo zile za herufi kubadilishwa na nambari, kazi ambayo haipendezi kuifanya mbele ya wazazi.

Matangazo ya muda nayapitia kwa haraka. Unaandika ujumbe, unachagua upite kila baada ya dakika ngapi, na unaweka idadi ya chini ya jumbe za watu zinazopaswa kuwepo kati ya tangazo moja na la pili. Hiyo idadi usiiache sifuri, la sivyo roboti itazungumza peke yake katika gumzo tupu.

Wengi mtauliza kuhusu StreamElements, nayo hukaa kwenye seva na ina moduli nyingi zaidi, zikiwemo pointi za uaminifu ambazo mtazamaji huzikusanya kwa kutazama. Ukiichagua, fahamu kwamba miongoni mwa michezo yake zimo !roulette na !slots, ambapo mtazamaji huziweka pointi zake rehani kwa bahati. Hazina thamani ya fedha, lakini sura ya kamari ipo, na kwa chaneli yenye darsa ni wajibu kuzizima kabla ya tangazo la kwanza. Kwa kijana wa Twitch anayetaka pointi, mashindano na vikorombwezo vya skrini, StreamElements inamfaa zaidi. Kwa chaneli yenye watu wawili watatu wa kuisimamia, wanaorusha kasida, ngalawa na mazungumzo ya mpira, Nightbot inatosha na ni nyepesi kujifunza, ingawa dashibodi yake ni ya Kiingereza na msimamizi mpya atahitaji kukaa na mtu wa kumwelekeza.

Amri zote nilizozionyesha, pamoja na ile ya saa, nimeziandika katika maelezo yaliyo chini ya video hii. Zibandikeni, kisha mzijaribu katika tangazo dogo la majaribio, mkitumia akaunti isiyo na usimamizi, kwa kuwa vichujio havimgusi mwenye chaneli.