Ziara ya mpaka wa Korea mbili kutoka Seoul: uzoefu wangu

Nimeipa nyota nne kati ya tano. Kama uko Seoul na una siku moja tu ya kutoka nje ya mji, nenda mpakani. Beba pasipoti, maana kwenye kizuizi askari anapanda basi na kukagua ya kila abiria. Jumatatu hakuna ziara.

Eneo hili lisiloruhusiwa majeshi lina urefu wa kilomita 250 hivi na upana wa kilomita 4. Liliwekwa na makubaliano ya kusitisha mapigano ya Julai 27, 1953. Mkataba wa amani haujasainiwa hadi leo, kwa hiyo kisheria vita bado ipo.

Kilichonishika hasa ni Handaki la Tatu, njia ya chini kwa chini iliyochimbwa na Korea Kaskazini kupita mpakani, iliyogunduliwa mwaka 1978. Simu unaiacha kabatini, unavaa kofia ngumu, unateremka mpaka mita 73 chini ya ardhi. Dari ni ya chini, unatembea umeinama, na kofia inagonga mwamba kila mara. Kaskazini walidai ni mgodi wa makaa ya mawe, na kweli kuta zimepakwa weusi. Lakini sogea karibu uutazame mwamba: ni granaiti tupu, na matundu ya baruti yameelekea kusini, upande wa Seoul. Hapo hata mwongozaji hana haja ya kueleza zaidi.

Kwenye kilima cha Dora unatazama Kaskazini kwa darubini. Kijiji cha Gijeong-dong kina mlingoti wa bendera wa mita 160. Ule wa Daeseong-dong, upande wa Kusini, unakaribia mita 100. Wakazi wa Daeseong-dong hawalipi kodi wala vijana wao hawaitwi jeshini, ila usiku lazima wawe ndani. Na kwa kuwa mabomu ya ardhini yamewazuia watu kuingia, korongo wenye utosi mwekundu, ndege adimu sana duniani, hupata pa kukaa msimu wa baridi. Nilifurahi mno kulisikia hilo.

Nyota moja nimeikata kwa sababu kampuni iliyotupeleka ilituweka muda mrefu kwenye duka la jinsengi (mizizi ya dawa), halafu Dora tukaharakishwa. Kabla ya kulipa, uliza kama ratiba ina duka. Mwenye magoti mabaya afikirie pia ule mteremko: kurudi juu kunachosha kweli.