TAHADHARI: Kuna jamaa anashusha famuwea za vifaa vya kupima magari, msimpe hela wala laptopu

Jamani wadau, mafundi na nyie mnaojipimia magari wenyewe, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna jamaa anajitangaza kwenye magrupu kwamba anashusha famuwea (programu ya ndani inayoendesha kifaa) ya kifaa chochote kile kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari, anasema dakika kumi tu umerudi vesheni ya zamani. Mimi nimempa kazi na kifaa changu kimekufa.

Kifaa chenyewe ni kopi, sifichi, wengi wetu ndo tunazotumia. Kilikuwa kinapiga kazi vizuri mpaka siku nimefungua programu yake huku intaneti iko hewani, ikaleta kiboksi cha kuapudeti, mi nikabonyeza ndiyo bila kufikiria, kumaliza tu ikasema kifaa hakitambuliki. Sasa ukishafika hapo unahangaika kutafuta yeyote wa kukirudisha kilivyokuwa, ndo nikaangukia kwake.

Akataka hela yote kwanza. Halafu akaniambia nizime antivairasi maana "itazuia faili", niwashe AnyDesk (programu ya kumruhusu mtu aendeshe laptopu yako akiwa mbali) nimpe namba aingie. Nikampa. Nikaona kidirisha cheusi, anaandika andika vitu, asilimia zikapanda zikakwama katikati, taa ya kifaa ikabaki nyekundu haipepesi. Akasema chomoa chomeka. Nikachomoa nikachomeka, Windows ikasema kifaa cha USB hakitambuliki, na mpaka leo ni hivyo hivyo. Nikamwambia basi rudisha hata ile iliyokuwepo, si ulisema umechukua bakapu? Akanitumia faili. Nimeifungua kwenye programu ya kusomea heksi, inayoonyesha data ya faili ilivyo, ni FF FF FF FF kuanzia juu mpaka chini, hakuna herufi nyingine hata moja. Nilipomuuliza akaniblok.

Hapo kwenye FF ndo naomba muelewe vizuri, maana ndo ushahidi kwamba hajui anachofanya au anajua na hajali. Vifaa vingi vya aina hii ndani vina chipu za STM32 au ndugu zake, na kiwandani wanazifunga zisisomwe. Ukilazimisha kuondoa ile kufuli ya kawaida chipu inajifuta yenyewe yote, ndivyo ilivyotengenezwa, na chipu iliyofutika ukiisoma inakupa FF tupu. Kwa hiyo yeye aliondoa kufuli, akafuta kila kitu, kisha akasoma hewa akaiita bakapu. Na humo ndani haikuwa famuwea peke yake, kwenye vifaa vingi ndimo inamokaa butiloda (programu ndogo ya kukiwasha kifaa), namba ya serial ya kifaa na leseni, sasa hata ukipata faili ya mwenzio yenye vesheni unayotaka programu inaweza ikakikataa.

Mwenzangu mmoja naye kapigwa kwenye vile vidogo vya blututhi vya ELM327, vya kusomea gari kwa simu, kaambiwa kitatolewa vesheni 2.1 kirudi 1.5 "ile nzuri", akatumiwa skrinshoti ya kifaa kikijibu v1.5. Wadau, ile namba ni maandishi tu yanayorudi ukituma ATI, amri ya kukiuliza kifaa ni vesheni gani, aliyetengeneza kopi anaandika anachotaka. ELM Electronics wenyewe, waliotengeneza ile orijino, walitoka 1.4b wakaenda 2.0, hawakuwahi kutoa 1.5! Na vile vya bei ya chini kabisa ukivifungua unakuta tone jeusi la gundi juu ya chipu, huyo mtu anaingiza famuwea wapi?

Sisemi kila anayeshusha famuwea ni mwizi, wapo wanaojua kazi. Ila anayejua atakwambia kwanza fungua kava nitumie picha ya bodi mbele na nyuma, atataka kujua ni chipu gani na unatumia programu gani, na kama chipu imefungwa atakwambia wazi kwamba akianza hakuna kurudi nyuma, uamue mwenyewe. Huyu wangu hakuuliza hata bodi ikoje.

Kingine kilichonitisha, kuna fundi kasema jamaa huyohuyo kamrudishia kifaa kinachokatakata mawasiliano akamwambia akijaribishe kwa kuprogramu kontroli boksi (kompyuta) ya gari. Tafadhali msifanye hivyo kabisa, kuandika kontroli boksi kukikatika katikati gari la mteja linaweza lisiwake tena hapo hapo ulipolipaki. Kijaribu kwa kusoma fault kodi (kodi za hitilafu) tu, na voltiji, basi.

Na kama uliwahi kumruhusu aingie kwenye laptopu yako, hili lifanye leo. Mimi nilipokagua mipangilio ya AnyDesk nimekuta ameweka paswedi ya kuingia muda wowote bila mimi kukubali, sikuiweka mimi. Chomoa intaneti, toa AnyDesk, washa antivairasi yako uskani mashine nzima, na paswedi za imeili na za mambo ya hela zibadilishe ukitumia simu, siyo hiyo laptopu. Anabadilisha jina kila mara ila maneno ni yaleyale, dakika kumi, hela kwanza, zima antivairasi.