Kukaa na familia mwenyeji Ujerumani: uzoefu wangu wa Leipzig

Familia nilitafutiwa na wakala wa makazi ya wanafunzi wa kozi ya Kijerumani. Wakala nampa nyota tatu kati ya tano, familia yenyewe tano. Kwa anayekuja bila ndugu wala rafiki, ni njia nzuri ya kuanzia miezi miwili mitatu. Faida yake kubwa si chakula, ni anwani.

Ukishahamia una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya wakazi. Mkataba wa pango hautoshi. Wanataka fomu iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, yenye saini ya aliyekupa chumba. Wapo wenyeji wasiotaka kusaini, mara nyingi kwa kuwa nao ni wapangaji na mwenye nyumba hajaruhusu mtu wa ziada. Kabla hujatuma hata senti, uliza kwa maandishi kama familia itasaini. Wakala wangu alizungukazunguka kujibu mpaka nilipombana. Miadi ya ofisi ikamate mtandaoni mapema, nafasi hujaa haraka.

Siku ya kwanza omba jina lako libandikwe kwenye sanduku la barua. Jina lisipoonekana, barua inarudi ilikotoka, na kadi ya bima na namba ya siri ya benki huja kwa barua. Ukishajiandikisha utaletewa pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Usiitupe, na usikimbilie kulipa: ada ni moja kwa nyumba nzima. Iombe familia Beitragsnummer yao, yaani namba wanayolipia ada hiyo, uijaze kwenye jibu, basi.

Kinachogombanisha wageni na wenyeji zaidi ni hita na dirisha. Kitasa cha hita kina namba 1 hadi 5, na 3 ni kama nyuzi 20. Kuweka 5 hakuharakishi joto, kunapandisha kikomo tu, na ukisahau bili inapaa. Asubuhi na jioni zima hita, fungua dirisha lote dakika tano hadi kumi, funga, kisha rudisha hita. Usiliache limeinamishwa kidogo kwa juu, kama madirisha ya huko yanavyoweza, kutwa nzima: ukuta unapoa, mvuke unaushika, na kuvu nyeusi inaota nyuma ya kabati. Kuanika nguo chumbani kunaleta balaa lile lile. Kuvu hiyo ndiyo hula dhamana za watu, yaani pesa za kurejeshewa ukihama.

Chakula kwenye mkataba wangu kilikuwa asubuhi na jioni. Jioni maana yake mkate, jibini, soseji baridi na matango ya siki. Aliyezoea ugali ataona ni kitafunio cha kusubiria chakula chenyewe. Kama huli nguruwe, andika kwenye fomu ya maombi na utaje soseji waziwazi, maana nyingi zina nguruwe ndani. Chukua mkataba wenye ruhusa ya kupika, na uulize habari ya kukaanga; harufu ya samaki wakati wa baridi, madirisha yamefungwa, haitoki upesi.

Mengine ni madogo. Baada ya saa nne usiku usiwashe mashine ya kufulia, na Jumapili usipeleke chupa kwenye makontena ya vioo. Mtu wa rika la mama yako anaweza kukuambia umwite kwa jina lake tupu. Ulimi ukigoma, "Frau" (yaani Bi) na jina la ukoo inakubalika. "Mama" usimwite bila kuruhusiwa, wengine wataona umewazeesha.

Wakala aliandika kwamba shule iko dakika 20. Kwa gari, labda. Wewe ingiza mtaa kwenye programu ya usafiri, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, uone tramu inasemaje. Mashine ya kufulia nayo hakuitaja kabisa, kumbe inalipiwa kando.

Ukihamia hosteli hapo hapo Ujerumani huhitaji kujifuta kwenye anwani ya zamani. Jiandikishe kwenye mpya, tena ndani ya wiki mbili, na funguo za familia zirudishe kwa maandishi yenye saini kabla hujadai dhamana.