SafeBoda Kampala: abiria naye anapewa helmeti

Jamani hii huduma ya SafeBoda, bodaboda za kuita kwa programu ya simu, naisifu kwa moyo wote. Natoka Nakawa kwenda Wandegeya karibu kila siku na zamani nilikuwa napanda boda yoyote ya steji, kichwa wazi, tukiwa watatu wakati mwingine, mpaka siku moja tukagongwa na matatu kwenye mzunguko nikaamka niko wodini. Sasa naita SafeBoda kwa simu. Wako Kampala tangu 2014, rangi yao ya machungwa utaiona tu. Juzi kijana alinipa helmeti, nikaivaa haraka haraka kamba ikalegea kidevuni, akazima pikipiki kabisa akasema "mama kaza kwanza", akangoja hadi ikabana ndo tukaondoka. Hapo ndo nilimpa nyota tano.

Bei iko sawa, inaonekana kabla hujapanda. Ila ndugu zangu, ripoti ya polisi ya 2024 inasema watu 5,144 walikufa barabarani Uganda, helmeti peke yake haitoshi, tunataka pia njia za miguu na matuta karibu na shule, tuendelee kuwadai viongozi wetu.