CAD4TB: Inasoma eksirei haraka, ila isiachiwe peke yake

Kwa upimaji wa kifua kikuu vijijini, kuanzia Chunya hadi Rungwe mkoani Mbeya, programu hii ya akili mnemba inafaa. Inasoma eksirei ya kifua kwa muda usiofika dakika, inatoa alama kati ya 0 na 100, na kupaka rangi sehemu ya pafu inayotia shaka. Inaweza kufanya kazi bila intaneti, na kule milimani hilo si jambo dogo.

Ila alama si ugonjwa. Ikivuka kikomo, mgonjwa atoe makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya maabara inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB. Kikomo chenyewe usikinakili kutoka mkoa mwingine. Kiwekwe kwa kulinganisha alama na majibu ya maabara ya watu wa eneo lako. Kikiwa chini mno, katriji za kupimia za GeneXpert zinaishia kwa wasioumwa. Kikiwa juu mno, wagonjwa wanarudi nyumbani na kikohozi chao.

Wachimbaji wa dhahabu ndio mtihani wenyewe: makovu ya TB ya zamani na vumbi la mawe hupandisha alama, kwa hiyo historia iulizwe mapema. Kwa anayeishi na VVU mambo hugeuka. Pafu laweza kuonekana safi na TB ipo, hivyo mwenye dalili apimwe makohozi hata alama ikiwa ndogo.

Cheni na sidiria zivuliwe, rasta zifungwe juu, pumzi ivutwe na kushikiliwa. Picha mbovu nayo hupewa alama, tena bila aibu.

Watoto wasipitishwe hapa: pendekezo la WHO la 2021 linaanzia miaka 15.