Mashine za kukata nyasi kwa trekta dogo: anza na shafti

Kila masika yanapokolea na magugu ya chini ya minazi kufika magotini, wasomaji wa Mtwapa, Likoni na Kisauni huniletea malalamiko yanayofanana: mashine ni mpya, trekta ni zima, lakini giaboksi imepasuka au beringi ya PTO, ule mhimili mfupi wa nyuma ya trekta unaozungushwa na injini ili kuendesha mashine, imeanza kulia kabla msimu haujaisha. Nikiwauliza kuhusu shafti, ile inayopeleka nguvu kutoka PTO ya trekta hadi kwenye mashine, wengi hujibu kwamba ilifungwa vilevile ilivyotoka dukani. Kwa sababu hiyo sitapoteza nafasi kueleza rangi, upana wala uzuri wa umbo. Nimezipanga mashine hizi nikitazama zaidi kifaa ambacho wauzaji hawakitaji kabisa.

Shafti ni mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayorefuka na kufupika kadiri trekta linavyoinua na kushusha mashine. Kwa kawaida huuzwa ikiwa ndefu makusudi, ili kila mnunuzi aikate kulingana na trekta lake. Isipokatwa, siku utakapoinua mashine kuvuka tuta la mawe mirija itafika mwisho wake, na nguvu yote ya haidroliki inayoinua mashine itasukuma beringi za PTO upande mmoja na giaboksi ya mashine upande wa pili, mpaka kimojawapo kivunjike. Ikikatwa kupita kiasi, mirija hubaki imeshikana kidogo mno na inaweza kuchomoka huku ikizunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa kila sekunde.

Kazi ya kuipima haihitaji fundi bingwa. Funga mashine kwenye mikono mitatu ya trekta bila shafti, inyanyue mpaka pale ambapo PTO na giaboksi zimekaribiana zaidi, uikalishe juu ya magogo imara, kisha uzime injini. Zitenganishe nusu mbili za shafti, chomeka moja kwenye trekta na nyingine kwenye mashine, zilaze sambamba na uweke alama, ukiacha nafasi ya takriban sentimita mbili na nusu ili mirija isigote mwisho. Mrija wa ndani, wa nje na kinga ya plastiki vyote hupunguzwa kwa kiasi kilekile, kingo zikasuguliwa kwa tupa na grisi ikapakwa ndani. Hatimaye shusha mashine mpaka shafti irefuke kabisa, uhakikishe kwamba angalau theluthi ya urefu wa mirija bado imeingiliana.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya nyundo, ambayo ndani yake mna ngoma ya kulala yenye vyuma vingi vidogo vinavyoning'inia, na nasema bila kuficha kwamba ninaipendelea Maschio ya Italia. Pwani yetu imejaa matumbawe yanayochomoza ardhini, na chuma kinachoning'inia kikigonga jiwe hurudi nyuma, kisha kikaendelea na kazi, kwa hiyo shafti haipati mshtuko mkubwa. Makumbi na vipande vya makuti huvisaga vizuri, na mawe hayarushwi mbali kama yanavyorushwa na visu virefu. Bei yake ni kubwa, na bado ningeinunua kabla ya nyingine yoyote.

Ya pili ni slasha ya visu viwili, yaani mashine ambayo visu vyake virefu huzunguka kwa kulala kama mapanga ya feni. Kwa trekta la nguvu za farasi 20 hadi 25, slasha ya futi nne inatosha. Kipimo kinachotumika sana ni nguvu za farasi tano kwa kila futi ya upana. Chagua yenye klachi ya kuteleza kwenye shafti, kwa sababu kisu kikigonga kisiki klachi huteleza na giaboksi ikanusurika. Zenye bolti ya kukatika hufanya kazi hiyohiyo, mradi usikubali fundi akuwekee bolti ngumu ili isikatike tena, kwani bolti ikikataa kukatika, kitakachokatika ni meno ya giaboksi.

Mashine ya kumalizia, yenye visu vitatu, ni ya bustani za hoteli na viwanja vilivyosawazishwa, kwa hiyo wenye mashamba waiache. Ile inayofungwa chini ya tumbo la trekta inunuliwe tu ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya modeli hiyohiyo.

Slasha za kuchomelewa mtaani ni nafuu, lakini kagua kama pini za mikono ya chini ni za milimita 22, zinazofaa matrekta mengi madogo, au ni za milimita 28 za matrekta makubwa. Sina zaidi la kusema juu yake.

Linaloniudhi ni jinsi shafti inavyouzwa. Muuzaji hukutajia bei ya mashine mkakubaliana, na siku ya kuichukua anakuambia shafti ni ya kulipiwa kando. Ukilipa, unapewa shafti ambayo kinga yake imeondolewa, eti inasumbua wakati wa kupaka grisi, ilhali kinga hiyo ndiyo inayozuia kanzu, leso au mkono wa shati kuvutwa na chuma kinachozunguka mara tisa kwa sekunde. Dai shafti iandikwe kwenye risiti pamoja na mashine, na kinga yake pande zote mbili iwe na minyororo ya kuizuia isizunguke. Akikataa, nenda duka jingine kabla hujatoa hata malipo ya awali, kwa maana fedha zikishapokelewa hutasikilizwa tena.