Pete yangu ya opali ya Wollo: maji, hina na mafuta

Opali yangu ni kito cha Ethiopia, kutoka Wegel Tena huko Wollo, machimbo yaliyopata jina kuanzia mwaka 2008. Imepachikwa kwenye pete ya fedha. Ukiigeuza kidogo tu kwenye mwanga, kijani kinakuwa buluu, buluu inakuwa rangi ya moto. Naipenda mno.

Anayetaka kununua ajue kwanza habari ya maji. Opali ya Wollo hunywa maji. Yangu iliponyeshewa ilibaki kama kipande cha kioo, rangi zote zimetoweka. Niliilaza juu ya pamba kivulini, nayo baada ya siku kadhaa ikarudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo maji safi peke yake si hatari sana. Hatari ni yanayoingia pamoja nayo: hina, manjano ya mchuzi, mafuta ya nazi, marashi. Jiwe likishafyonza hivyo, rangi yake huenda isirudi tena. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku, na jikoni tunaingia wenyewe, pete hii tutaivua kutwa nzima. Lipime hilo kabla hujatoa pesa.

Na wapo wauzaji wanaoshauri opali ilowekwe kwenye mafuta ili isipasuke. Tafadhali msiwasikilize! Mafuta hayaikingi na ufa, na hii ya Wollo yataichafua.

Ugumu wake ni 5.5 hadi 6.5 katika kipimo cha Mohs. Tanzanaiti ni 6 hadi 7, almasi 10. Vumbi la kawaida huwa na punje za mchanga zenye ugumu wa 7, hivyo kulisugua kavu juu ya opali ni kuikwaruza. Mimi huipuliza kwanza, ndipo naifuta kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Pete ikitaka kupanuliwa, sonara alitoe jiwe kabla hajawasha moto, maana joto la ghafla hulipasua. Mashine za kusafishia vito kwa mvuke au mitetemo zisiiguse kabisa.

Opali nyingi za Australia hazinywi maji hivi, ila zile zilizobandikwa tabaka kwa gundi nazo hazifai kulowekwa.

Kwa uzuri naipa alama zote. Lakini mdogo wangu alipotaka ya kuvaa kila siku, nilimwambia achukue hereni au kidani, ambako jiwe haligongwi na sufuria wala halilowi kila saa. Pete yangu ni ya Idi na harusi.